Maji ya bwawa yametibuka? Weka chini kwanza huo mfuko wa klorini

Simu hizi huja zaidi Jumatatu, wageni wa wikendi wakishaondoka. "Fundi, maji yamekuwa meupe. Nimetia dawa jana, nimetia tena leo, bado." Jibu langu ni lile lile: usitie tena. Acha pampu izunguke, zuia watu wasiingie, kisha nipe namba nne: pH (kipimo cha asidi ya maji), klorini, alkaliniti na presha ya filta. Mara nyingi anayepiga hana hata moja, kwa sababu kisanduku cha vipimo kilisukumwa nyuma ya stoo na vidonge vikaisha zamani.

Mimi natunza mabwawa ya vila hapa Diani, Pwani ya Kenya. Nawaandikia vijana wanaokabidhiwa wavu na brashi bila kuelezwa kitu kingine, na pia wenye nyumba wanaojiuliza pesa ya dawa inaishia wapi. Maji yetu ya Pwani yana tabia zake. Visima vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji hutoka na chokaa nyingi, na ukikaribia bahari yanaanza kuwa na chumvi. Jua letu ni kali, na bwawa lisilo na kivuli hukaa na uvuguvugu karibu mwaka mzima. Maelezo yaliyochapwa kwenye ndoo ya dawa iliyotoka nchi ya baridi hayakuandikiwa maji ya namna hii.

Ujue bwawa lako lina lita ngapi

Usipojua ujazo, kutia dawa ni kupiga ramli. Chukua tepu, pima urefu na upana, kisha pima kina upande wa watoto na upande wa wakubwa upate wastani. Bwawa nitakalotumia hapa kama mfano lina mita 9 kwa 4, kina kinaanzia mita 1 na kufika 1.8, kwa hiyo wastani ni 1.4. Zidisha zote tatu upate 50.4. Tuseme mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Kama bwawa ni la duara, kipenyo mara kipenyo mara kina mara 0.785. Andika jibu kwa kalamu isiyofutika nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, maana wewe utahama na kijana atakayekuja atalihitaji.

Hesabu ya dawa haina ugumu wowote. Gramu 1 ndani ya mita 1 ya ujazo ni miligramu 1 kwa lita. Ukitaka kupandisha klorini kwa miligramu 1 katika bwawa letu la mfano, wahitaji gramu 50 za klorini halisi. Ule unga wa klorini uitwao kalsiamu haipokloriti, wa asilimia 65, hauna klorini tupu, kwa hiyo gawanya 50 kwa 0.65 upate gramu 77 hivi. Nunua mizani ndogo ya jikoni, iwe ya dawa tu. Kila mahali naambiwa "natia vikombe viwili." Kikombe kipi? Cha chai au cha uji?

Kupima

Pima asubuhi, jua halijakolea. Simama mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye filta. Suuza mrija kwa maji ya bwawa lenyewe, uugeuze mdomo chini, uuzamishe mpaka kiwiko kiingie majini, ndipo uugeuze ujae. Maji ya juu juu yamebeba mafuta ya kujipaka na vumbi, hayawezi kukupa habari ya bwawa zima.

Kidonge cha DPD, kile cha kupimia klorini, usikiguse kwa vidole. Pasua karatasi yake juu ya mrija kidondoke chenyewe, kiponde kwa kijiti, funika, tikisa. Waridi inayotokea ndiyo klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu. Kwa pH tumia kidonge cha feno redi: manjano maana yake asidi imezidi, rangi ya chungwa inayoelekea wekundu ndiyo tunayoitafuta, zambarau maana yake pH imepanda mno. Soma ukiwa umelipa jua mgongo, na miwani ya jua uivue.

Hapa pana mtego. Klorini ikizidi sana huibabua rangi ya DPD. Kidonge kikipasuka unaona waridi ikimetameta chini ya mrija, halafu inatoweka, mrija unabaki hauna rangi. Kijana anasoma sifuri, anafungua ndoo, anatia tena. Ukishuku hivyo, changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 4 za maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Klorini nyingi hivyo huiharibu pia rangi ya pH, ikaonekana zambarau hata kama pH ni nzuri. Kwa hiyo usiiamini pH iliyopimwa saa chache baada ya kutia dozi kubwa.

Namba za kulenga ni hizi. pH iwe 7.2 hadi 7.6. Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kama maji yana stebilaiza (dawa inayoikinga klorini na jua) isishuke chini ya 2. Alkaliniti, ambayo ndiyo inayoizuia pH isirukeruke, iwe 80 hadi 120. Ugumu wa chokaa 200 hadi 400. Stebilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, 30 hadi 50. Lakini maji ya kisima hapa kwetu huweza kuwa na ugumu uliopita 400 hata kabla hujatia dawa yoyote. Ukiwa na maji hayo, mimi nakushauri uiweke pH karibu na 7.2 na alkaliniti uiache 60 hadi 80. Ukiyapandisha yote mawili kwa sababu kitabu kimesema, chokaa itatoka majini na kuonekana kwa macho.

pH hurekebishwa kabla ya klorini, na sababu ni klorini yenyewe. Ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili, moja inaua vijidudu upesi na nyingine ni goigoi. pH ikiwa 7.2, karibu thuluthi mbili ziko upande wa kazi. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8 ni robo hivi. Anayemwaga klorini katika maji yenye pH ya 8.2 amenunua ndoo nzima na inayofanya kazi hata robo haifiki. Na kwa kuwa unga wa kalsiamu haipokloriti unapandisha pH na kuongeza chokaa kwa pamoja, kila kijiko anachoongeza kinamsogeza mbali zaidi na maji safi. Ndiyo maana yule wa simu ya Jumatatu anatia na bado.

Huo weupe ni wa aina gani?

Sehemu hii usiipitie haraka, kwa sababu kila weupe una dawa yake, na dawa ya mmoja humharibu mwingine.

Maji yakiwa kama yaliyoosha mchele, na yamegeuka hivyo saa chache tu baada ya kutia unga wa klorini au soda eshi (dawa ya kupandisha pH), shuku chokaa. Pima pH, utaikuta 7.8 au zaidi. Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama: chota glasi safi ya maji ya bwawa, tia kijiko cha siki nyeupe, koroga, subiri dakika chache, ilinganishe na glasi nyingine isiyotiwa kitu. Ile ya siki ikisafika, umepata jibu. Hapo hapahitajiki klorini wala shabu, ni kushusha pH tu na kuiacha filta ifanye kazi. Ukipapasa ukuta kwenye mstari wa maji utaona unakwaruza, na siki ukiidondoshea hapo itatoa povu.

Maji yenye ukungu unaoelekea kijani, kuta zinateleza, na klorini unayotia jioni asubuhi huioni, hayo yana mwani unaoanza. Unaweza kuuthibitisha kabla haujakolea. Pima klorini jua likishazama, usitie kitu usiku kucha, pima tena kabla jua halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila klorini. Ikipungua zaidi ya miligramu 1, kuna kitu hai au uchafu unaoila. Ikibaki pale pale, mwani sio tatizo lako.

Maji ya kijivu siku ya pili baada ya dozi kubwa ni mwani uliokufa. Hiyo ni dalili njema, na wengi ndipo wanapokata tamaa wakamwaga dawa nyingine. Chembe zimekufa, zinaelea, zinasubiri filta.

Kama pH ni nzuri, klorini ni nzuri, usiku haipungui, na bado huoni sakafu ya upande wa kina, tatizo liko chumba cha pampu. Nenda kule na tochi.

Yapo pia maji yanayogeuka rangi ya kahawia mara tu unapotia klorini, nayo yanapenyeza mwanga vizuri. Hiyo ni chuma kutoka kisimani au kwenye mabomba. Shughuli yake ni nyingine, sitaingia humo leo.

Neno kuhusu harufu. Mgeni akilalamika macho yanachoma na "klorini imezidi," mara nyingi mambo ni kinyume. Kinachonuka na kuchoma ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Pima klorini huru, kisha ongeza kidonge cha DPD namba 3 kwenye mrija ule ule upate klorini yote. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kloramini. Ikipita 0.5, bwawa linataka klorini zaidi, si pungufu: kiasi cha mara 10 ya hiyo tofauti, kitiwe kwa mkupuo mmoja jioni.

Kurekebisha, kwa mpangilio

Anza na alkaliniti. Ikiwa chini, tia baikaboneti ya soda: katika bwawa letu la mita za ujazo 50, gramu 840 zinapandisha alkaliniti kwa miligramu 10. Usitumie yale magadi ya kulainishia maharage. Hayajasafishwa, huna habari ya kilichomo, na yanairusha pH juu. Soda eshi, ambayo ndiyo magadi yaliyosafishwa kiwandani, ina nafasi yake pale pH iko chini ya 7, kwa mfano bwawa lililojaa maji ya mvua. Ukiimwaga katika maji ya kisima chetu bila kupima, utapata ule weupe wa kwanza mbele ya macho yako.

pH na alkaliniti zikiwa juu zote, ambayo ndiyo hali ya kawaida huku, zishushe kwa asidi ya haidrokloriki. Ile ya asilimia 33, lita 1 hushusha alkaliniti ya bwawa letu kwa miligramu 10 hivi, na pH inashuka nayo kwa kadiri alkaliniti ilivyo. Vaa glavu ndefu na miwani ya kuziba. Jaza ndoo maji kwanza, nusu yake au zaidi, ndipo umimine asidi ndani ya maji. Kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Simama upepo ukiwa mgongoni. Kusi ikivuma hapa ufukweni, mvuke wa asidi utakufuata usoni kama umekaa vibaya. Pampu iwe inazunguka, mimina taratibu ukitembea kando ya upande wa kina, mbali na skima (mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu) na mbali na ngazi za chuma. Tia nusu ya ulichopigia hesabu, subiri kwa muda wa saa nne, pima, ndipo uamue nusu ya pili.

Klorini itiwe jua likizama. Isiyo na stebilaiza huliwa na jua letu la mchana kwa kasi ya kutisha, zaidi ya nusu ndani ya saa moja. Kama umethibitisha mwani, peleka klorini mpaka miligramu 10: ni gramu 770 za unga wa asilimia 65, ukiondoa iliyomo tayari. Gawa katika ndoo tatu au nne za maji ya bwawa, ndoo za plastiki ambazo hazijawahi kuguswa na asidi wala sabuni. Maji kwanza, unga baadaye, koroga kwa kijiti cha plastiki. Acha itulie kidogo, utaona mashapo meupe yamekaa chini. Mimina yale maji ya juu tu. Mashapo yaongezee maji mengine ya bwawa, koroga, yatulie, mimina tena. Wanaomwaga ndoo na mashapo yake wanajitilia ukungu wenyewe, na kwenye bwawa la rangi au la karatasi ya plastiki unga usioyeyuka ukitua huacha madoa yasiyotoka.

Kisha brashi. Sugua kuta zote, pembe, nyuma ya ngazi, chini ya ile midomo ya taa. Mwani una utando unaoukinga, na klorini haiingii mpaka utando uchanwe. Kazi hii haina njia ya mkato na ndiyo inayokwepwa. Rudia dozi kila jioni mpaka lile jaribio la usiku lionyeshe upungufu usiozidi miligramu 1.

Filta

Mabwawa mengi ninayoitwa kuyaona hayakukosa dawa, yalikosa filta. Filta ya mchanga haichuji haraka. Ina mchanga wa kwatzi (quartz) wa chembe za nusu milimita hadi 0.8, na maji lazima yapite mara nyingi kabla ukungu haujaisha. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa inahitaji saa 5 kuyazungusha maji ya bwawa letu mara moja. Mwenye nyumba anayewasha pampu saa tatu kwa siku kwa kuogopa bili ya stima, kisha akanunua ndoo mbili za klorini kwa mwezi, hajaokoa kitu. Wakati wa kusafisha ukungu pampu izunguke usiku na mchana. Siku za kawaida saa 8 zinatosha kwa nyumba yenye watu wachache.

Tazama geji. Siku filta ikiwa safi kabisa, andika presha yake ukutani. Tuseme ni bar 0.8. Ikifika 1.3, yaani nusu bar juu ya ile ya usafi, fanya bakiwoshi, yaani uoshe mchanga kwa kuyapitisha maji kinyumenyume. Zima pampu kwanza, kila mara, kabla ya kugusa mkono wa valvu. Ukiuzungusha pampu ikiwa inafanya kazi utaharibu mpira wa ndani, na tangu siku hiyo maji machafu yatakuwa yakipenya kurudi bwawani bila wewe kujua. Peleka mkono kwenye bakiwoshi, washa, tazama kioo kidogo cha pembeni. Maji huja ya kahawia, yanageuka kijivu, halafu yanang'aa. Ni dakika mbili tatu. Zima. Peleka kwenye kusuuza, washa nusu dakika. Zima. Rudisha kwenye kuchuja. Ukiruka kusuuza, uchafu uliolegea ndani unarudi wote bwawani na utadhani kazi haijafanyika.

Usifanye bakiwoshi kila siku kwa kudhani unasaidia. Mchanga ulio na uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi. Na geji ikiwa chini kuliko kawaida, si usafi huo. Angalia kikapu cha skima na kikapu cha pampu kwanza. Majani ya mvinje yanaingia humo na kujisokota yakaziba kabisa.

Kuna nyumba moja niliyoitwa ambayo maji yalikuwa hayasafiki kwa dawa ya namna yoyote. Nilipofungua filta nikakuta mchanga wa ufukweni. Aliyepewa kazi ya kubadilisha alivuka barabara akajaza magunia pale chini ya minazi. Mchanga ule ni mwembamba mno, una vipande vya kombe na matumbawe, yaani chokaa tupu, na una chumvi. Nusu yake ilikuwa imeshapita kwenye mabomba na kukaa sakafuni mwa bwawa. Mchanga wa filta hununuliwa ukiwa umepimwa na kuchekechwa, na ukitunzwa huhimili miaka mitano au zaidi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na pampu iliyosagwa na kombe.

Shabu, ikibidi

Pale chembe zilizokufa ni ndogo sana hata filta haizishiki, shabu inasaidia. Ni ile ile iliyotumika miaka na miaka kutuliza maji ya mtungi. Hakikisha pH iko kati ya 7 na 7.5, kwa sababu maji yenye pH ya 8 huiyeyusha shabu ikabaki majini badala ya kuganda, kisha ikaja kukutolea ukungu mpya siku nyingine. Kiasi ni gramu 40 hadi 50 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo 2 hadi 2 na nusu katika bwawa letu. Iyeyushe ndooni, isambaze juu ya maji yote, izungushe saa moja au mbili mkono wa valvu ukiwa kwenye mzunguko usiopita mchangani. Kisha zima pampu, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yamesafika juu na blanketi jeupe limelala sakafuni.

Sasa usiliharakishe. Unganisha vakyumu (bomba la kufyonza uchafu wa sakafuni), weka valvu kwenye kumwaga nje, sio kuchuja, na sukuma kichwa cha vakyumu polepole mno, hatua moja kwa pumzi. Ukikivuta kwa nguvu blanketi litapanda lote na utarudi mwanzo. Maji yatapungua, kwa hiyo bwawa liwe limejazwa hadi ukingo tangu jana yake. Shabu hushusha pH na alkaliniti, kwa hiyo pima ukimaliza.

Vidonge vya TCCA

Hivi ni vidonge vya klorini iliyoshikanishwa na stebilaiza, huwekwa ndani ya chombo kinachoelea, na vinapendwa kwa sababu havina usumbufu. Tatizo ni kwamba kila miligramu 10 za klorini kutoka kwenye TCCA huacha kiasi cha miligramu 6 za stebilaiza, nayo haiishi kwa jua wala haichujwi. Ikipita 100, klorini inasinzia: kipimo chasema 3, na mwani unaota. Hapo hakuna dawa ila kumwaga maji na kujaza mengine. Ukitaka kutoka 120 kwenda 60, nusu ya maji lazima iondoke. Usiimwage nusu kwa siku moja wakati wa masika. Maji ya ardhini yanapokuwa juu, bwawa tupu linaweza kusukumwa na kupasuka sakafu au kuinuka. Punguza kidogo, jaza, punguza tena. Mimi huviacha vidonge kwa wiki ambazo nyumba haina mtu, siku nyingine natumia unga au klorini ya maji.

TCCA na unga wa kalsiamu haipokloriti visikutane kamwe vikiwa vikavu au na unyevu kidogo. Vinawaka na vinaweza kulipuka. Usitumie kijiko kimoja kwa vyote viwili, usitie unga ndani ya chombo cha kuelea kilichokuwa na vidonge. Asidi ikae chumba kingine kabisa na klorini, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayoua. Nimekuta asidi kwenye rafu ya juu na ndoo ya klorini iliyo wazi chini yake, ndani ya stoo ambamo askari ndimo anapolala. Mwenye nyumba akikuambia hana nafasi, mwambie hii si kazi ya nafasi.

Lini watu waingie

pH kati ya 7.2 na 7.8, klorini huru imeshuka ikawa kati ya 1 na 3, na sakafu ya upande wa kina inaonekana waziwazi. Hilo la mwisho halihusu urembo. Mtoto aliyezama katika maji yaliyotibuka haonekani, na watu wanaweza kuendelea kuogelea juu yake. Mimi hutumia sarafu ya shilingi 20, hizi mpya za 2018. Nazima pampu maji yatulie, naitupa upande wa kina, nasimama ukingoni. Nikiweza kusema iliyolala juu ni tembo au ni nembo ya taifa, nafungua lango. Nikiona duara tu, lango linabaki na kufuli, hata kama mwenye nyumba yuko njiani na wageni kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda na ameshanipigia mara tatu.